Brashi Inapolegea, Inapoacha Mistari au Inapopukutika: Kutafuta Chanzo Kati ya Nywele na Nyuzi

Ukuta ukitoka vibaya hapa Kisumu, wa kwanza kulaumiwa ni rangi, wa pili ni fundi, na brashi haiulizwi kitu. Nimepaka rangi nyumba, madarasa na mashua katika mji huu, na kabla ya hapo Nakuru, na ninaamini kwamba kasoro nyingi tunazozipeleka kwa muuzaji wa rangi zilianzia kwenye brashi yenyewe, hasa pale ambapo brashi ya nywele za mnyama imetumbukizwa kwenye rangi ya maji, au brashi ya nyuzi za plastiki imepelekwa kwenye kazi ya moto au ya kemikali isiyoiweza. Mwongozo huu unaanzia kwenye dalili ambayo fundi anaiona kwa macho, kisha unarudi nyuma kutafuta chanzo chake. Nitatumia neno «nywele» kwa zile za mnyama, ambazo katika brashi za ukuta karibu zote ni za nguruwe, na neno «nyuzi» kwa zile za kiwandani, yaani nailoni, poliesta na plastiki nyingine.

Kwanza ujue ulichoshika mkononi

Weusi au weupe hausaidii kuamua, kwa sababu nywele za nguruwe huja nyeusi, nyeupe na za kahawia, na nailoni hutiwa rangi yoyote ambayo kiwanda kinaitaka. Maandishi ya mpini yana manufaa zaidi: «Pure Bristle» humaanisha nywele za nguruwe, lakini neno «bristle» likiwa peke yake halithibitishi lolote, kwa kuwa viwanda hulitumia kwa aina zote mbili. Palipo na shaka, ng'oa unywele mmoja, ushike kwa koleo, na uuchome kwa kiberiti mbali kabisa na makopo ya rangi na tapentaini. Wa mnyama hunuka kama kwato au nywele zilizoungua, hujikunja, na huacha jivu jeusi linalosagika ukilifikicha kwa vidole. Nailoni na poliesta huyeyuka kwanza, na zikipoa huacha kidonge kigumu kisichosagika.

Kwa wateja wetu Waislamu wa Kisumu na wa Mumias, swali hili si la ufundi peke yake. Mwaka 2017 maafisa wa Malaysia walichukua madukani brashi zaidi ya 2,000 zilizoshukiwa kuwa na nywele za nguruwe bila kutambulishwa hivyo kwa mnunuzi, na sioni sababu ya mteja wa hapa kuheshimiwa kidogo kuliko yule wa huko. Anayepewa kazi ya msikiti, au ya nyumba ambayo mwenyewe ameuliza, anunue brashi ya nyuzi na akubali kuuchoma uzi mmoja mbele ya mteja.

Brashi imevimba na kulegea katikati ya kazi

Dalili ni hii: asubuhi brashi inakata mstari mnyoofu kwenye pembe ya dari, na ifikapo saa nne imevimba, ncha zimetawanyika kama ufagio uliochakaa, na kila ukiisukuma ukutani inalala badala ya kurudi. Ukipaka nayo, sehemu moja inapata rangi nzito na inayofuata inaonyesha ukuta wa chini.

Chanzo cha kwanza cha kukagua ni nywele za mnyama ndani ya rangi ya maji. Unywele, uwe wa binadamu, wa kondoo au wa nguruwe, hunywa maji hadi kukaribia theluthi moja ya uzito wake, na ukishayanywa hunenepa na kupoteza ugumu wake. Nailoni ya kawaida ikilowa kabisa hubeba maji ya kama asilimia 8 au 9 ya uzito wake, na poliesta haifiki hata asilimia 1. Wavuvi wa Dunga, ufuo wa ziwa hapa Kisumu, hawahitaji kuelezwa jambo hili kwa tarakimu, kwa maana nyavu za kitani na pamba zilizokuwa zikinywa maji na kuoza ziliacha kutumika ziwani walipopata nailoni, tangu miaka ya 1950. Brashi inafuata sheria ile ile.

Niliwahi kupaka madarasa ya shule moja nje kidogo ya mji. Tulinunua brashi sita za inchi nne, zote za nywele, kwa sababu zilikuwa nzito mkononi na muuzaji alizisifu kuwa za hali ya juu, jambo ambalo lilikuwa kweli kwa kazi ya rangi ya mafuta. Kabla ya saa sita zote sita zilikuwa zimelala. Msimamizi alipouona ukuta una mabaka alisema kwamba tumeongeza maji kwenye rangi, na akazuia malipo ya siku ile, ingawa tuliichanganya kama kopo linavyoagiza. Iliniuma sana kuitwa mwizi wa rangi kwa kosa la kuchagua brashi, na tangu hapo ninapoanza kazi kubwa huweka brashi mbili ndani ya ndoo moja ya maji mbele ya mteja, moja ya nywele na moja ya poliesta, na baada ya nusu saa tunazitoa na kuzibonyeza pamoja kwenye kiganja. Haihitaji maelezo mengine.

Ikiwa brashi iliyolegea ni ya nyuzi, usikimbilie kusema ni bandia. Nailoni tupu hulegea pia, ila kwa sababu mbili zinazofanya kazi pamoja: maji kidogo iliyoyanywa na joto. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari na joto la mchana hukaribia digrii 30 mara kwa mara; Nakuru iko karibu na mita 1,850 na ni baridi zaidi. Brashi ile ile ya nailoni niliyoitumia Nakuru kutwa nzima bila shida ilianza kunichosha hapa ifikapo adhuhuri, kwenye ukuta ulioelekea jua. Kutofautisha ni rahisi. Ioshe kwa maji baridi, ikung'ute, iache kivulini hadi ikauke. Ikirudia ugumu wake, tatizo lilikuwa maji na joto, na dawa yake ni kuwa na brashi mbili za kupokezana au kununua iliyochanganya poliesta na nailoni, ambamo poliesta hushikilia ugumu na nailoni huvumilia msuguano wa ukuta mkwaruzo. Isiporudi, nyuzi zimechakaa au zimejikunja kwa kuwekwa vibaya, jambo ambalo nitalirudia chini.

Nyuzi hizi hazikuwepo siku zote. Nailoni ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1935 katika maabara ya DuPont nchini Marekani, na kundi lililoongozwa na Wallace Carothers, na bidhaa ya kwanza iliyouzwa kutokana nayo, mwaka 1938, ilikuwa mswaki. Vita vya Pili vya Dunia vilipoziba njia za kuleta nywele za nguruwe kutoka China, watengenezaji wa brashi za rangi walilazimika kuigeukia. Kwa hiyo nyuzi ziliingia kazini kwetu kwa sababu ya uhaba, na nadhani dharau ambayo mafundi wakongwe bado wanazionea imetokana na zile za mwanzo, zilizokuwa nene na butu. Za leo si zile.

Mistari inabaki ukutani rangi ikishakauka

Hapa brashi ndiyo ya kushukiwa mwisho, na ninasema hivyo ingawa mwongozo huu unahusu brashi. Rangi ya maji inahitaji muda mfupi wa kujilaza kabla ya kushika. Ukipaka ukuta unaopigwa na jua la alasiri, au ule unaopokea upepo wa ziwa unaoanza kuvuma baada ya adhuhuri, rangi hushika ungali unaisambaza, na kila mpito wa brashi unabaki umechorwa. Vivyo hivyo fundi anayerudia mahali pamoja mara tano au sita, kwa nia njema ya kulainisha, huwa anaikwaruza rangi iliyokwisha kuanza kukauka.

Kwa hiyo pima hivi: chukua brashi hiyo hiyo na rangi hiyo hiyo, paka eneo la hatua moja upande wa kivulini, asubuhi, kwa mipito michache. Mistari ikitoweka, badilisha saa na upande wa kuanzia, na uiache brashi kwa amani. Mistari ikibaki hata hapo, sasa zitazame ncha, ikiwezekana ukizielekeza kwenye mwanga wa dirisha. Unywele wa nguruwe hupasuka wenyewe kwenye ncha kuwa matawi mawili au matatu madogo, na ni matawi hayo yanayobeba rangi na kuilaza kwa wepesi. Hii ndiyo sifa kubwa ambayo nyuzi ziliikosa kwa muda mrefu. Viwanda vizuri siku hizi huzichonga nyuzi ziwe nyembamba kuelekea mwisho, au huzipasua ncha kwa mashine, au hufanya yote mawili. Brashi ya bei ya chini huwa na nyuzi zenye unene mmoja kutoka shina hadi mwisho, zilizokatwa butu kama fito za uzio, na kila moja huchora mfereji wake kwenye rangi.

Wapo mafundi wanaozisugua brashi za aina hiyo kwenye saruji kavu yenye mkwaruzo ili kuzipasua ncha. Nimejaribu. Mistari hupungua kidogo, lakini vipande vinavyokatika hubaki kwenye rangi, na siishauri njia hiyo kwa ukuta wa ndani unaoonekana kwa karibu. Ni afadhali brashi hiyo ipewe kazi ya uzio na andakoti, yaani rangi ya tabaka la chini.

Rangi haikai kwenye brashi, inadondoka au inarudi mkononi

Bana shina la brashi kwa vidole viwili, karibu na ukanda wa bati unaozishika nyuzi kwenye mpini. Ndani kuna kipande cha mbao au plastiki kinachoacha nafasi ya kubebea rangi, na hilo si kasoro. Ila kipande kikiwa kinene mno, nyuzi zinabaki safu mbili nyembamba zenye uwazi mkubwa katikati, na rangi inayoingia humo hutiririka yote kwa pamoja. Brashi ya namna hiyo haina tiba. Ikiwa imejaa vizuri na bado rangi inarudi kwenye mpini, basi inatumbukizwa kupita kiasi. Theluthi moja ya urefu wa nyuzi inatosha.

Nywele au nyuzi zinabaki ukutani

Usizitupe kabla ya kuzikagua, kwa sababu urefu wake unaeleza chanzo. Chomoa tatu au nne kutoka kwenye rangi mbichi na uzilinganishe na brashi.

Zikiwa na urefu kamili, na nyingine zina tone la gundi mwishoni, zimetoka kwenye bati. Siku ya kwanza hilo ni jambo la kawaida, kwa kuwa brashi mpya huwa na nywele zisizofikiwa na gundi. Ipige kiganjani, ichane, ioshe na uikaushe kabla ya kuanza. Zikiendelea kutoka siku ya tatu, gundi imeshindwa. Mara nyingi aliyeishinda ni sisi wenyewe, kwa kuilaza brashi ndani ya thina usiku kucha, au ndani ya maji hadi mpini wa mbao ukanywa, ukanenepa, ukalisukuma bati, na ulipokauka ukaacha kila kitu kikicheza. Hili huzikuta brashi za nywele na za nyuzi sawasawa, na kubadilisha aina hakusaidii. Kinachosaidia ni kuacha kulaza brashi kwenye kopo.

Zikiwa vipande vifupi, zinakatika katikati. Kwa nywele za mnyama, tafuta chokaa, ambayo nitaieleza, au wadudu, kwa sababu viwavi vya nondo na vya mbawakawa wa ngozi hula unywele wa brashi kama wanavyokula sweta la sufi, hasa brashi iliyowekwa stoo bila kuoshwa vizuri. Nailoni na poliesta si chakula chao. Kwa nyuzi, vipande vifupi humaanisha plastiki duni au ukuta mkwaruzo mno kwa brashi ya aina hiyo.

Nyuzi zimeshikana, zimejikunja au zimekuwa kama ute

Hili ni tatizo la nyuzi peke yake, na ndilo ambalo watetezi wa nyuzi, nikiwamo mimi, tunapaswa kulisema waziwazi. Plastiki ina adui wawili: joto na baadhi ya kemikali.

Lami inayopashwa moto ili kuziba paa hupita digrii 180 kwa urahisi. Nyuzi za polipropileni, zinazopatikana kwenye brashi nyingi za bei ya chini, huyeyuka karibu na digrii 165, na nailoni 6, aina mojawapo ya nailoni, karibu na 220, tena hulegea mapema kabla ya kufika huko. Ukikuta ncha zimeungana kuwa donge, na donge lina ugumu wa plastiki badala ya ugumu wa rangi kavu, ni joto lililofanya hivyo na brashi haitarudi. Kwa lami ya moto tumia brashi ya katani au ufagio wa nyuzi za mmea.

Nyuzi zikiwa laini na zenye kunata bila kupata joto, uliza kopo lilikuwa na nini. Kreosoti, ile dawa nyeusi ya nguzo na mbao inayotokana na lami ya makaa ya mawe, ina fenoli, na fenoli huyeyusha nailoni. Shelaki, ile vanishi ya mbao inayoyeyushwa kwa spiriti, hulainisha nailoni pia. Thina kali ya rangi za magari hulegeza plastiki duni papo hapo. Katika kazi hizi tatu nywele za mnyama ndizo sahihi, na kuzipa nyuzi ni kupoteza fedha.

Kujikunja bila kunata ni jambo jepesi zaidi. Brashi iliyosimamishwa kwa ncha zake kwenye kopo usiku mzima hulishika umbo hilo, na joto la stoo yenye paa la mabati huzidi kuligandisha. Ioshe kabisa, itumbukize kwenye maji ya moto ya kiasi cha kuoga, yasiyochemka, kwa dakika chache, ichane hadi inyooke, ifunge kwa karatasi ikiwa imenyooka, na uiache ipoe na kukauka humo. Poliesta na nailoni hukubali. Nimeokoa nyingi kwa njia hii.

Brashi ya chokaa inaisha kwa siku chache

Wanaotengeneza ngozi huloweka ngozi mbichi kwenye maji ya chokaa ili manyoya yatoke. Fundi anayepaka chokaa kwa brashi ya nguruwe anaifanyia brashi yake kazi hiyo hiyo, na hapaswi kushangaa nywele zikianza kwa kunata, kisha zikawa dhaifu na kukatika. Plasta mpya ya saruji isiyokauka ina ukali wa aina hiyo pia. Nailoni huivumilia chokaa vizuri sana. Poliesta huliwa polepole na alkali kali, lakini ukiiosha kila jioni itamaliza nyumba kadhaa. Kwa boma zima la chokaa, brashi ya katani bado inafaa na ni nafuu, hata kama haikati pembe kwa unyoofu.

Vanishi na rangi ya mafuta zinaonyesha mikwaruzo chini ya brashi ya nyuzi

Kagua unene kwanza. Nyuzi zilizotengenezwa kwa ajili ya ukuta ni ngumu kupita kiasi kwa mlango uliopakwa vanishi, na hapa kosa ni la kuchukua brashi ya kazi nyingine. Poliesta nyembamba iliyochongwa ncha hulaza rangi ya mafuta vizuri, na mashua mbili nilizopaka kwa brashi hizo hazikuwa na tofauti niliyoweza kuiona. Kwa vanishi ya mafuta, hata hivyo, bado ninashika nywele. Zinabeba zaidi na kuachia kwa ulaini ambao mkono unausikia, na katika hilo sijashawishika kubadilika. Sharti langu ni kwamba brashi hiyo haigusi maji hata siku moja: inasafishwa kwa tapentaini, inafutwa, na inakaa kwenye mfuko wake.

Shina limekuwa gumu, ncha bado ni laini

Rangi imekauka ndani ya bati, na brashi inatanuka kama mkono uliofungua vidole. Kwa rangi ya maji, maji ya vuguvugu na sabuni pamoja na kitana cha meno mapana, ukichana kutoka kwenye bati kuelekea ncha, hufanya kazi ikiwa rangi haijamaliza usiku. Hapa nyuzi zina nafuu kubwa, kwa kuwa hazikunywa rangi, ilhali nywele zilizovimba zimeivuta ndani. Katika miezi ya mvua, Machi hadi Mei, usiifunge brashi ya nywele ndani ya plastiki ingali na unyevu, maana itaota ukungu. Itundike kwanza hadi shina likauke. Ikiwa ugumu umepanda zaidi ya nusu ya urefu, usiirudishe kwenye rangi. Ikate ibaki fupi na uitumie kuondoa vumbi kwenye pembe za madirisha kabla ya kupaka.